Dawa Moja kwa Majina Mawili

Hospitalini, dawa ya mgonjwa hutolewa na mwuguzi, naye huandika imetolewa dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani aghalabu hana maandishi ya namna hiyo. Asubuhi hupewa dawa na bintiye, jioni na mkwewe, usiku na jirani aliyekuja kukesha. Na dawa zenyewe nyingine zimetoka zahanati, nyingine dukani. Katika hali hiyo dawa moja yaweza kutolewa mara mbili pasipo mtu yeyote kutambua.

Mfano ulio dhahiri ni parasetamoli, dawa ya homa na maumivu. Huuzwa kwa majina mengi ya biashara, na tena huchanganywa katika dawa nyingi za mafua. Anayetoa vidonge vya homa pamoja na dawa ya mafua hudhani ametoa dawa mbili, kumbe huenda ametoa moja maradufu.

Madhara yake hutokea katika ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli hugeuzwa na ini kuwa vitu visivyodhuru, vikatoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, lakini hunaswa mara moja na kemikali ya ini iitwayo glutathioni. Dawa ikizidi, glutathioni huisha upesi kuliko inavyotengenezwa, na sumu ile huanza kuua chembehai za ini. Aliyedhoofu kwa kukosa chakula ana akiba ndogo ya kemikali hiyo.

Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mgonjwa aliyekonda huhitaji pungufu ya hapo, kwa maelekezo ya daktari. Linalopotosha ni kwamba siku ya kwanza aliyezidishiwa huweza kuona kichefuchefu tu, au asione lolote; dalili za ini kuharibika hudhihirika baada ya siku 2 au 3. Dawa ya kuzuia sumu hiyo, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa mapema. Kwa hiyo aliyezidishiwa hana budi kupelekwa hospitali papo hapo, hata akiwa anacheka.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Jina la dawa, ambalo mara nyingi huchapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, lisomwe kila mara. Daftari moja liwekwe kando ya kitanda, na kila atoaye dawa aandike jina hilo, kiasi na saa. Anayefuata asome kwanza, ndipo afungue chupa.