DRIFTI NI NINI?

Huenda umelisikia neno drifti katika mkutano wa kijiji, au umelisoma kwenye kibao cha barabarani. Neno hili tumelipata kutoka Kiingereza.

Drifti ni mahali pa kuvukia mto kwa kupita ndani ya maji. Mafundi hujenga sakafu ya zege kwenye njia ya maji, ili magurudumu yasizame mchangani. Daraja hupita juu ya maji. Kalvati hupitisha maji chini ya barabara. Lakini kwenye drifti maji hupita juu ya barabara yenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya daraja. Hufaa kwenye makorongo yaliyo makavu siku nyingi za mwaka, kama ya Dodoma na Singida.

Waingereza wa Afrika Kusini walilichukua neno hili kutoka kwa walowezi wa Kiholanzi. Huko maana yake ni kivuko. Mwaka 1879 Wazulu na Waingereza walipigana mahali paitwapo Rorke's Drift, kwenye kivuko cha Mto Buffalo. Lakini kule Uingereza neno hilo lina maana nyingine pia: kuchukuliwa na maji bila kuweza kujiongoza.

Kumbuka maana zote mbili. Kiangazi drifti ni kivuko. Masika inaweza kukuchukua. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 60 yanaweza kusukuma gari. Tena mvua inaweza kunyesha mbali milimani, na korongo la kwenu likajaa ghafla huku jua linawaka.

Ufanye nini?

1. Tazama nguzo za pembeni. Zikifunikwa na maji, usivuke.
2. Maji ya tope huficha zege iliyobomoka. Usimfuate mtu kwa sababu tu yeye amevuka.
3. Subiri maji yapungue. Kawia ufike.
4. Usiwaache watoto wa shule wavuke peke yao.

MASWALI

1. Drifti na daraja vina tofauti gani?
2. Kijijini kwenu watu huvukia wapi wakati wa masika? Nani huwavusha watoto?
3. Andika kwa herufi kubwa: MAJI YAKIJAA USIVUKE. Shaurianeni darasani mahali pa kuweka kibao hicho.