Kuhesabu Mimea ya Msitu wa Mlima Kenya

Mtu asimamaye shambani kwake Embu, Nyeri au Meru akautazama Mlima Kenya huona ukanda mpana wa kijani kibichi ukiuzunguka mlima, naye hudhani kwamba msitu huo ni mzima kwa kuwa ni mkubwa na majani yake hayajakauka. Lakini afya ya msitu haipimwi kwa macho ya mtu aliye mbali. Mji waweza kuwa na wazee wengi wenye nguvu, na hata hivyo ukawa unaelekea kwisha, ikiwa hakuna watoto wanaozaliwa humo. Ndivyo ulivyo msitu pia. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mimea huingia msituni kwa miguu, na pamoja na kuihesabu miti mikubwa huinama chini wakitafuta watoto wake.

Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya Serikali mwaka 1932, na sehemu za juu za mlima zikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1949. Mito mingi iingiayo katika Tana na Ewaso Nyiro huanzia huko. Mpunga wa Mwea hunyweshwa kwa maji ya mlima huu, na mabwawa ya umeme ya mto Tana huyategemea maji hayo. Basi hali ya msitu yamhusu hata yule ambaye hajapata kukanyaga humo.

MLIMA MMOJA, MISITU MINGI

Jambo la kwanza ambalo mpimaji hana budi kulijua ni kwamba mlima huu hauna msitu wa namna moja. Upande wa kusini na wa mashariki hupata mvua nyingi, na huko ndiko uliko muthaiti, ambao wengine huuita mkulo au kamfa, mti mkubwa wenye mbao nzuri zenye harufu. Upande wa magharibi na wa kaskazini ni mkavu zaidi, na huko mwerezi, yaani mutarakwa, ndio ulio mwingi. Mtu akipanda juu hufika kwenye mianzi, na juu ya mianzi hukuta miti ya mumondo yenye ndevu za kuvu. Mwisho miti hukoma, na mahali pake huwa nyasi na mimea ya ajabu ivumiliayo baridi ya kila usiku.

Kwa hiyo, mtu apimaye mahali pamoja karibu na barabara, kisha akasema, "Huu ndio msitu wa Mlima Kenya," atawapotosha wenzake. Imempasa kupima pande zote za mlima, na chini hata juu.

JINSI KAZI IFANYWAVYO

Wapimaji hupata kwanza ruhusa ya wasimamizi wa misitu na ya wasimamizi wa wanyama wa porini. Kisha huchora mistari juu ya ramani, na kuifuata msituni kwa dira, hata ikiwapeleka bondeni au kwenye miiba. Wakichagua njia iliyo rahisi, watahesabu tu mimea inayoota penye njia rahisi.

Kila baada ya mwendo uliopangwa, hupima kiwanja cha mraba, mathalan mita 20 kwa 20, wakakizungushia kamba. Ndani yake kila mti mkubwa huandikwa jina lake, na unene wake hupimwa kwa utepe mahali palipo kimo cha kifua cha mtu, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Ndani ya kiwanja hicho hupimwa viwanja vingine vidogo, na humo huhesabiwa miche, machipukizi, majani na gugu la kila namna. Visiki pia huandikwa, na alama za moto, za ng'ombe na za tembo.

Mmea usiotambulikana hukatwa tawi moja lenye maua au matunda. Tawi hilo hulazwa katikati ya karatasi za gazeti, hubanwa kati ya mbao mbili kwa mikanda, na kukaushwa. Pamoja nalo huandikwa mahali lilipotoka, kimo cha mahali hapo, tarehe, na rangi ya maua, maana rangi hupotea tawi likikauka. Baadaye hupelekwa Nairobi, katika nyumba ya kuhifadhia mimea mikavu iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Hazina hiyo ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Huko tawi hulinganishwa na yale yaliyokusanywa zamani. Kwa kazi ya namna hiyo ya watu wengi kiliandikwa kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kikiwa na aina 12,104.

WAZEE NA MAJINA

Kazi hii haifanikiwi bila wenyeji. Mzee aliyelina asali au kuchimba dawa kwa miaka mingi huutambua mti kwa ganda lake na kwa harufu yake hata usipokuwa na ua. Hata hivyo jina la kabila moja halitoshi. Mti ambao Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin huuita tendwet; na pengine jina moja hutumiwa kwa miti miwili. Ndiyo sababu huandikwa pia jina la Kilatini, Prunus africana, ili mtu wa Nandi, wa Usambara na wa Kameruni wajue kwamba wanazungumza juu ya mti ule ule.

Muiri ni mfano mzuri wa faida ya hesabu hii. Ganda lake hutengenezwa dawa ya ugonjwa wa wanaume wazee wa kukojoa kwa shida, na biashara yake ni kubwa ng'ambo. Mti ukibanduliwa ganda pande zote, mara nyingi hufa. Tangu mwaka 1995 biashara hiyo kati ya mataifa imewekwa chini ya mapatano ya kulinda viumbe vilivyo hatarini. Lakini hakuna mtu awezaye kusema ni miti mingapi yaweza kubanduliwa bila hasara, ikiwa hajui iko mingapi, na michanga inayoifuata ni mingapi.

YALIYOONEKANA NA YALIYOFICHIKA

Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilirusha ndege juu ya mlima ili kuuchunguza msitu. Zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti ilikutwa imeangushwa. Wapitao barabarani hawakuyaona hayo, kwa kuwa wakataji huacha ukingo wa msitu ukiwa mzuri na kukata ndani. Mwaka 2000 Serikali iliuweka msitu wote chini ya ulinzi wa Shirika hilo.

Ndege huonyesha yaliyofichwa na ukingo, na picha zipigwazo leo kutoka angani husaidia vivyo hivyo. Lakini picha huona paa la msitu tu. Yaliyo chini ya paa huonwa na mtu aendaye kwa miguu, naye hana budi kufahamu tabia ya kila mti. Muthaiti huongezeka zaidi kwa machipukizi ya mizizi. Kwa hiyo penye visiki vyake huenda pakawa na tumaini, mradi machipukizi yasiliwe na mifugo. Mwerezi nao miche yake hutaka jua; haioti vizuri chini ya kivuli cha mama yake, bali mara nyingi mahali palipopitiwa na moto zamani. Basi kukosa miche chini ya mierezi si lazima iwe dalili ya kifo, na kuona miti mikubwa ya muthaiti si lazima iwe dalili ya uhai.

Tangu sheria ya misitu ya mwaka 2005, wananchi wakaao karibu na msitu waweza kuunda vyama na kushiriki katika kuutunza, na kupewa haki ya kuni, nyasi na asali. Haki hiyo yahitaji hesabu, kama vile mfugaji mwenye busara asivyouza ng'ombe kabla ya kujua ndama wake ni wangapi. Viwanja vilivyopimwa hutiwa alama ili virudiwe baada ya miaka, na hapo ndipo itakapojulikana kama miche iliyohesabiwa leo imekuwa miti.