Mizinga na Unga (2): Fungu Lililokatwa London

Juma lililopita tuliziangalia bajeti za ulinzi kwa jumla. Leo tuitazame serikali moja iliyochagua waziwazi.

Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, aliliambia Bunge kuwa matumizi ya ulinzi yatapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027. Fedha zitoke wapi? Kwenye misaada ya nje, itakayoshuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Lengo la Umoja wa Mataifa tangu 1970 ni 0.7, na Uingereza ililifikia mwaka 2013.

Hoja ya Starmer si ya kubeza: vita vya Ukraine vilikuwa vimetimiza miaka mitatu siku moja kabla. Ila tazama uzito wa fungu lenyewe. Asilimia 0.2 ni kama pauni bilioni 6 kwa mwaka. Jeshini hiyo ni nyongeza ya wastani. Kwenye misaada ni asilimia 40 ya kila kilichokuwapo.

Na hata iliyobaki haivuki bahari yote. Kanuni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zinairuhusu nchi mfadhili kuhesabu kuwa msaada gharama za kumtunza mkimbizi nchini humo katika mwaka wake wa kwanza. Ndiyo maana bili za hoteli wanamokaa waomba hifadhi, kitanda na chai ya asubuhi, huandikwa kwenye daftari la maskini wa dunia. Mwaka 2023 gharama zote za kuwatunza wakimbizi nchini Uingereza zilifika pauni bilioni 4.3, zaidi ya robo ya msaada wote.

Na fedha zikipungua, wanaoumia wako mbali. Kule kwenye kambi ya Kakuma, Kenya, wakimbizi walizoea Bamba Chakula, fedha inayoingia kwenye simu wakanunulia unga na maharage dukani. Katikati ya 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilishusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kinachotakiwa. Pigo kubwa lilitoka Washington, Marekani ilipokata misaada yake; tusiisingizie London. Lakini wafadhili wakubwa walipobana mikono mwaka huohuo, hakubaki wa kuziba pengo.

Kwa nini likatwe fungu hili? Naona jibu liko kwenye sanduku la kura. Ukigusa pensheni, wazee wa Uingereza watakuadhibu. Mama wa Kakuma hana kura huko.

Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu tarehe 28 Februari. Hakupinga jeshi kuongezewa. Alitaka kodi na kanuni za mikopo nazo zijadiliwe, msaada usiubebe mzigo peke yake.