Mlinda Goli wa Mpira wa Majini

Walio nyuma wasogee karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: KUELEA na GOLI. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni katika madaftari yenu.

Leo tutazungumza juu ya kazi ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Ashleigh Johnson. Bibi huyu alilinda goli la nchi yake katika mpira wa majini kwenye Michezo ya Olimpiki mara tatu. Najua kwamba wengi wenu mpira mnaoujua ni ule wa miguu. Basi tuanze na mchezo wenyewe.

Mpira wa majini huchezwa katika bwawa la kuogelea. Kila timu ina watu saba majini. Maji yana kina cha mita 2 hivi, kwa hiyo miguu haipati pa kukanyaga. Mpira hushikwa kwa mkono mmoja tu, ila mlinda goli aliye karibu na goli lake anaruhusiwa kutumia mikono miwili. Yeye huvaa kofia nyekundu ili ajulikane. Goli lake lina upana wa mita 3, na mti wa juu uko sentimita 90 kutoka usoni mwa maji.

Pengine mmekwisha kusema moyoni kwamba kazi hii ni ya mikono. Sivyo, ni ya miguu. Mlinda goli wa mpira wa miguu akitaka kuruka hukanyaga ardhi, nayo ardhi humpa nguvu ya kupanda. Huyu wa majini hana ardhi. Hukaa kama mtu aliyekalia kigoda, magoti yameachana, na miguu yake huzunguka chini ya maji, wa kulia huku na wa kushoto kule, kama mtu akorogaye vyungu viwili kwa wakati mmoja. Miguu ikizunguka kwa nguvu, kifua chote hutoka nje ya maji, na mikono huwa huru kuzuia mpira. Wala haiwezi kupumzika, maana ikisimama, mtu anazama. Jaribuni nyumbani mkiwa mmekaa juu ya meza, miguu ikining'inia. Zungusheni mmoja huku na mwingine kule, nanyi mtaona jinsi inavyogoma.

Kadhalika macho yake hayafuati mpira tu. Huangalia bega na mkono wa mrushaji, kwa kuwa mpira ukishatoka mkononi muda umekwisha. Mrushaji mjanja huupiga juu ya maji makusudi ili udunde na kubadili njia.

Sasa tumjue Bibi Johnson. Alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Miami, jimbo la Florida, katika familia iliyotoka Jamaika. Mama yake alikuwa muuguzi, akilea watoto watano katika nyumba yenye bwawa uani. Mtu mwenye watoto na maji nyuma ya nyumba halali usingizi. Basi mama huyu akawapeleka wote kujifunza kuogelea, wasije wakafa maji. Kutokana na hofu hiyo ya mama, ndipo alipopatikana mlinda goli.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la zamani, kwa sababu Ashleigh ni mtu mweusi, na huko Florida mtu mweusi na maji ya kuogelea wana habari ndefu. Zamani zile za ubaguzi, fukwe na mabwawa mengi yalikuwa ya wazungu peke yao. Mwezi wa Mei 1945, kikundi kidogo cha watu weusi waliingia baharini pale Haulover, karibu na Miami, makusudi wakamatwe ili shauri lifike mahakamani. Hawakukamatwa. Agosti mwaka huo watu weusi wakafunguliwa ufuko wao wenyewe, katika kisiwa cha Virginia Key, ambako mwanzoni mtu alifika kwa mashua tu. Na mwezi wa Juni 1964, katika mji wa St. Augustine, waandamanaji weusi na weupe waliingia pamoja katika bwawa la hoteli ya wazungu. Meneja akamimina tindikali majini, nao wangali wamo! Picha zake zilienea duniani kote. Mwezi uliofuata sheria ya kukomesha ubaguzi mahali pa watu wote ilitiwa sahihi.

Lakini sheria haimfundishi mtu kuogelea. Mzazi aliyefukuzwa majini hakujifunza, wala hakuwa na la kumfundisha mtoto wake, na mtoto akakua akiogopa maji. Hata leo huko Marekani watoto weusi hufa maji zaidi kuliko watoto wa kizungu. Wako watu wanaosema kwamba mwili wa mtu mweusi hauwezi kuelea. Huo ni uongo mtupu.

Turudi kwa Bibi Johnson. Wachezaji wengi wa timu ya taifa hutoka California, upande wa magharibi. Yeye alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton, upande wa mashariki, na kabla ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 alisimamisha masomo kwa mwaka mmoja. Huko Rio alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika timu ya Olimpiki ya Marekani ya mchezo huu. Walishinda Italia katika fainali, 12 kwa 5. Katika Olimpiki hiyo hiyo Bibi Simone Manuel, naye mweusi, alipata dhahabu ya kuogelea mita 100. Ashleigh akarudi darasani, akamaliza shahada yake mwaka 2017.

Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa mpaka 2021 kwa ajili ya maradhi ya korona. Wamarekani walifungwa na Hungaria 10 kwa 9 katika makundi, lakini katika fainali wakaishinda Hispania 14 kwa 5. Hebu tufanye hesabu. Mchezo ulikuwa wa dakika 32, na timu yenye mpira ilipewa sekunde 30 kushambulia. Gaweni wenyewe: mtapata mashambulio kama 32 kwa kila timu, ingawa si hesabu kamili. Hispania ikapata magoli 5 tu.

Paris, mwaka 2024, mambo yalikuwa mengine. Katika nusu fainali walitoka sare na Australia, ikabidi kupiga penalti. Mrushaji yuko mita 5, na mlinda goli yuko peke yake. Australia ikashinda. Wakacheza na Uholanzi kutafuta medali ya shaba, na goli la sekunde za mwisho likawaangusha, 11 kwa 10. Walirudi nyumbani bila medali, wakiwa wa nne.

Mwalimu wa darasa, sasa futa ubao, kila mwanafunzi aandike sentensi moja yenye neno KUELEA. Kwaherini.