Malaika wa shanga naye ana aliyemtengeneza

Desemba ikiingia, majumba ya sanaa jijini Nairobi huteremsha baadhi ya michoro na kupanga meza za zawadi za sikukuu. Utakuta nyota na malaika wa shanga zilizotungwa kwenye waya, vipuli vya shaba, mikufu ya mfupa, na njiwa wa jiwe la Kisii wa kutundikwa kwenye mti wa Krismasi. Mchoro uliosalia ukutani una kikaratasi chenye jina la msanii, jina la kazi na mwaka. Malaika wa shanga ana bei tu.

Jambo hili hunikera kila msimu, kwa kuwa najua kazi iliyomo ndani ya vitu hivyo vidogo.

Chukua huyo njiwa. Jiwe lake huchimbwa kwa nguvu za mikono huko Tabaka, kaunti ya Kisii. Fundi hulichonga likiwa bado na unyevu, maana likikauka huwa gumu zaidi na vumbi lake humwingia kifuani. Akishamaliza, kazi huwafikia wanawake. Hao huketi kando ya mabeseni ya maji wakisugua kipande kimoja kimoja kwa msasa, wakianza na ule mkali na kumalizia na ule laini, mpaka alama zote za kisu zifutike. Kikikauka hupakwa nta na kung'arishwa. Vingine hutiwa rangi, kisha huchorwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe ujitokeze kama maua. Ule ulaini anaousifu mnunuzi ni jasho la aliyesugua, na huyo ndiye husahaulika kwanza, hata pale mchongaji anapotajwa.

Kibera nako kuna mafundi wanaotegemea mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Mfupa huchemshwa ili mafuta yatoke, hukatwa kwa msumeno na kusuguliwa. Kisha huchorwa mistari kwa nta kabla ya kutumbukizwa kwenye rangi, kwa mtindo uleule wa batiki. Jirani zao huyeyusha kufuli mbovu na mifereji ya zamani wakapata shaba ya hereni na bangili. Shanga, kwa upande wake, nyingi husafiri kutoka viwanda vya vioo vya Jamhuri ya Cheki, lakini ni mama wa Kimaasai ajuaye rangi ipi ikae karibu na ipi.

Nairobi haijakosa watu walioheshimu kazi hii. Mwaka 1972, Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, alianzisha jumba la sanaa la African Heritage pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, na humo vito viliuzwa bega kwa bega na sanamu na nguo za kufumwa. Miaka mitatu baadaye Susan Wood alianza Kazuri huko Karen akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo karakana hiyo ya shanga za udongo imeajiri mamia.

Wenye majumba hujitetea kwamba kipuli kimoja hupitia mikono mingi, basi waandike jina la nani? Waandike yote mawili, la mchongaji na la msuguaji. Ikiwa ni kazi ya kikundi, waandike jina la kikundi na kijiji chao. Kikaratasi kinachoitosha bei hakishindwi na maneno matatu zaidi.

Jina likishajulikana, swali la fedha nalo hufuata. Sokoni mnunuzi husema, "Punguza kidogo, mama," na mama angalau huondoka na chake mkononi. Kwenye jumba la sanaa bei haipunguzwi, lakini mara nyingi mzigo umepokelewa kwa mali kauli: fundi amenunua waya, shanga na msasa kwa fedha zake, naye hulipwa ukishauzwa, pengine wiki kadhaa baadaye. Muulize muuzaji hilo kabla hujafungiwa zawadi yako: aliyeitengeneza ni nani, na ameshalipwa? Shule hufunguliwa Januari. Hundi ya Februari humkuta mtoto ameshafukuzwa shule kwa kukosa karo.