Je, Wajua? Usonji na Mabadiliko ya Ghafla

Je, wajua kwamba mwaka 1943 tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipotangaza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao hali yao ndiyo leo huitwa usonji, alitaja miongoni mwa alama zake kuu shauku yao kubwa, iliyochanganyika na hofu, ya kutaka mambo yabaki vile vile yalivyokuwa? Kuhamisha samani chumbani, au kugeuza utaratibu wa shughuli za kila siku, kuliweza kumkatisha mtoto tamaa kabisa. Na la ajabu zaidi, vipande vya kuchezea alivyovikuta vimetawanyika ovyo, mtoto aliweza baada ya siku kadhaa kuvirejesha katika mparaganyo ule ule, kila kimoja na rangi ile ile ikielekea juu.

Huo si ukaidi, na ni dhuluma kumwadhibu mtu kwa ajili yake. Desturi isiyobadilika humpa mwenye usonji utulivu katika dunia yenye kelele na mambo yasiyotabirika. Ikivunjwa bila taarifa, fadhaa humshika. Ndiyo sababu walimu wengi hutumia ratiba ya picha: sahani, viatu, basi, darasa, zikipangwa kwa mfuatano wa siku, na lolote litakalogeuka likabadilishwa mbele ya macho yake kabla ya wakati wake kuwadia.

Basi, msomaji mpenzi, ukitarajia safari au mgeni, mwarifu mapema mwenye usonji aliye nyumbani mwako, kwa maneno machache na kwa picha, kisha mpe muhula.