Reli ya Kati juu ya meza: watoto wa Tabora na amana ya wazee wao

Mji wa Tabora umezaliwa na njia. Kabla haujasifika kwa asali na tumbaku, ulikuwa mahali ambapo misafara iliyotoka pwani ilipumzika na kugawanyika, mmoja ukielekea magharibi hadi Ujiji, mwingine ukishika njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Ilipokuja reli, nayo ikafuata desturi hiyo hiyo. Garimoshi litokalo Dar es Salaam hufika hapa, na kutoka hapa njia huachana: Mwanza, Kigoma na Mpanda.

Mji wa namna hii huhifadhi historia yake zaidi vifuani mwa watu kuliko katika maandishi. Anayeijua reli ni mzee aliyeitumikia, na anayeijua stesheni ni bibi aliyeuza asali na karanga madirishani mwa mabehewa. Hao nao wanatutoka mmoja mmoja, na kila jeneza tunalolisindikiza huondoka na elimu ambayo hakuna aliyeuliza. Je, tufanye nini ili elimu hiyo isizikwe pamoja na wenyewe?

Jibu moja limepatikana katika chumba cha madrasa ya msikiti wetu, juu ya meza iliyoundwa kwa mbao za makreti. Katika likizo, watoto wetu wa kiume na wa kike wamejenga mfano mdogo wa reli ya Tabora: stesheni, njia zake, tangi la maji, miembe na kipande cha barabara ya zamani ya misafara. Hakikununuliwa kitu cha dukani isipokuwa gundi, rangi na msasa. Lakini ili kuujenga mfano huo, watoto walilazimika kuuliza, na kuuliza ndiko kulikokuwa na faida kubwa kuliko mfano wenyewe.

Kazi hii si ngeni duniani. Nchini Ireland, ambako reli nyingi ndogo zilifungwa katika karne iliyopita, wapo watu wanaotumia miaka mingi kuunda mifano ya stesheni ambazo hazipo tena. Reli ya West Clare, kwa mfano, ilifungwa mwaka 1961. Mwenye kutaka kuijenga upya mezani hana budi kutafuta picha za kale, kupima magofu na kuwasikiliza wazee. Kwetu Afrika Mashariki nako zimo reli zilizotoweka. Ile ya Bububu, Unguja, iliyoanza mwaka 1905 kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe, ilikuwa na urefu wa maili 7 hivi, na kabla ya miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha. Ile ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Reli yetu ya Tabora bado ipo. Hata hivyo reli mpya ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kuja huku. Hiyo ni neema, na tunaisubiri kwa shauku. Lakini kipya kinapofika, cha zamani husahaulika upesi, na ni vyema tukiandike kabla hakijasahaulika.

Hatua ya kwanza ilikuwa hesabu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Tulichagua skeli ya 1 kwa 50, kwa hiyo njia ya mezani ikawa na upana wa milimita 20. Behewa la mita 15 likawa sentimita 30. Mtu mzima wa kimo cha kawaida angekuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Kisha watoto wakaulizwa: je, Dar es Salaam itakuwa wapi? Kutoka huko hadi Tabora ni kilomita 840 hivi. Walipogawanya kwa 50 wakapata karibu kilomita 17. Wakacheka, lakini wakafahamu ukubwa wa nchi yao kuliko walivyoufahamu kwa kutazama ramani. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na kwa skeli yetu ingekuwa karibu milimita 29. Waliichora kwa penseli pembeni ya meza, ili nafasi yake iwepo siku itakapofika.

Mataruma yalikatwa kutokana na vijiti vya mishikaki, na reli zenyewe ni waya mnene ulionyooshwa kwa nyundo. Kokoto ni changarawe iliyochujwa kwa chekecheo la unga. Kuta za stesheni ni maboksi ya sabuni yaliyogandishwa matabaka matatu, na magurudumu ni vizibo. Kabla ya kupima jengo la stesheni, ambalo limesimama tangu enzi za Wajerumani, tuliomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, kisha watoto wakahesabu madirisha na kupima kuta kwa hatua. Nawanasihi wazazi watakaofuata mfano huu wasiliruke jambo hilo, kwa kuwa adabu ya kubisha hodi ni sehemu ya malezi. Gari la kwanza lilianguka kila lilipofika kwenye kona. Kijana mmoja akagundua kwamba upana wa njia mahali hapo ulizidi kwa milimita mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyedharau rula.

Lakini rula haikuweza kueleza kwa nini vituo vidogo vilikuwepo porini, mahali pasipo na mji. Kwa hilo tulimwalika mzee mmoja mstaafu wa reli, jirani wa msikiti, ambaye watoto walizoea kumwona safu ya mbele bila kujua alikuwa nani. Msichana wa miaka kumi alianza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niulize."

"Kwa nini hapa njia zinakuwa mbili, halafu zinarudi kuwa moja?"

Mzee akaeleza kwamba Reli ya Kati ni ya njia moja. Garimoshi liendalo Kigoma na litokalo Kigoma haliwezi kupishana ila kituoni, moja likiwa limeingia pembeni kusubiri. Dereva hakuruhusiwa kuondoka bila kibali cha njia kutoka kwa mkuu wa kituo, hata kama macho yake yanaona njia nyeupe mbele. Tena injini za mvuke zilikunywa maji mengi, hivyo palihitajika vituo vya kuzinywesha. Zilipoondoka injini hizo, tangi la maji likakosa kazi. "Kibali kile kilikuwa amana," alisema. "Ukikitoa mara mbili, umeua watu." Chumba kizima kilinyamaza. Nimewahi kutoa darasa juu ya amana mara kadhaa, na sikumbuki kuona ukimya kama ule.

Mzee akawasimulia pia jambo ambalo watoto hawakulisadiki mara moja: kwamba meli imewahi kupita Tabora. Nayo ni MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, na baada ya safari ya bahari ikapandishwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Jioni hiyo behewa moja la mezani lilibebeshwa masanduku ya kiberiti yaliyoandikwa "meli".

Yalizuka maswali ya kisheria, na ni haki yakazuka. Mzazi mmoja aliuliza kama kutengeneza mifano kunafaa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu aliyepata riziki yake kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A), naye baada ya kumwonya akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Stesheni, gari, mwembe na tangi vimo katika kundi hilo. Ama sanamu za watu, wanazuoni wamekhitalifiana juu ya vichezeo vya watoto. Wengi wameviruhusu kwa kuzingatia wanasesere wa Bi Aisha (R.A) ambao Mtume (S.A.W) hakuwakataza. Sisi tuliona salama zaidi kuacha watu, na jukwaa letu likajaa mizigo badala yake: magunia, vikapu na madumu ya asali. Bibi wa mmoja wa watoto ndiye aliyetuambia nini kiliuzwa wapi, na akasisitiza kwamba wauzaji wa maembe walisimama kivulini. Ama msikiti mdogo uliowekwa mezani, haukugandishwa mpaka watoto walipoitafuta kibla, ambayo kutoka Tabora ni kaskazini ikielekea kidogo mashariki.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya barabara ya misafara. Ni rahisi kupanda miembe ya karatasi na kusema kwamba Uislamu ulifika Tabora kwa njia hii. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakibeba mizigo ya frasila mbili, kama kilo 32, kwa mwendo wa miezi. Burton na Speke walioondoka pwani Juni 1857 walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Lakini pamoja na pembe za ndovu walisafirishwa watu waliotekwa, na miongoni mwa wafanyabiashara wa utumwa walikuwemo Waislamu. Baadhi ya wazazi walipendelea jambo hilo liachwe. Walimu wakaona vinginevyo: dini iliyohimiza kumwacha mtumwa huru haiheshimiwi kwa kuficha dhulma za waliojinasibisha nayo. Basi kando ya tembe la Kwihara watoto waliweka mnyororo mwembamba wa shaba, uliotolewa kwenye saa mbovu, bila maandishi yoyote. Kila mgeni huuliza, na mtoto aliye karibu humjibu.

Yapo manufaa ambayo mzazi yeyote anaweza kuyapata nyumbani, hata asiwe mkazi wa mji wa reli. Chagueni mahali pamoja tu: stesheni, gati, soko au kisima cha mtaa. Chagueni skeli moja na muishike mpaka mwisho. Tumieni kilichopo, maana israfu haifai hata katika mchezo. Wekeni muda wa kazi uishie kabla ya adhana, ili mchezo usiipite Swala. La muhimu kuliko yote, mtafuteni mzee mmoja anayepajua mahali hapo, mkae naye, na mtoto mmoja apewe daftari la kuandika. Tulipofunga likizo, daftari letu lilikuwa limejaa kurasa 38. Ndani yake mna majina ya vituo kwa mpangilio, ishara za taa za mkononi, na namna ya kuwasha moto wa injini usiku wa mvua.

Mzee wetu alipoulizwa kama mfano umefanana na stesheni aliyoijua, aliutazama kwa muda, akanyoosha kidole na kusogeza tangi la maji kama sentimita mbili. Akasema sasa limekaa pake. Watoto wakaweka alama ya penseli mahali hapo, kisha wakalibandika.